Usiniambie, Frateri

Mdogo wangu ameipa simu yake orodha ya maneno ambayo hataki kuyaona. Kwenye X ameyanyamazisha moja moja: jina la gemu kwa kirefu, jina lake kwa kifupi, majina ya wahusika wakuu wawili, na jina la mji wa kubuni wanamoishi. YouTube ikimletea video ya gemu hiyo anabonyeza palipoandikwa kwamba hapendezwi nayo, ingawa hakuna kitu anachokipenda zaidi, labda ukitoa samaki wabichi wa Ziwa Rukwa. Ametoka kwenye makundi mawili ya WhatsApp. Na likizo iliyopita nilipofika nyumbani Muze, nikiwa ndiyo kwanza nashuka kwenye gari, begi sijalitua, salamu yake ilikuwa hii: "Karibu, Frateri. Kama umesoma chochote kuhusu GTA, usiniambie."

Gemu yenyewe ni Grand Theft Auto VI. Ilitangazwa kwamba ingetoka mwaka 2025, ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha ikasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Wanaoifuatilia wanajua kwamba ilianza kuvuja hata kabla haijawa na tarehe. Septemba 2022 video zipatazo 90 za gemu ikiwa bado inatengenezwa zilimwagwa mtandaoni. Aliyefanya hivyo alikuwa kijana mmoja wa Uingereza aliyekuwa nje kwa dhamana kwa makosa mengine ya kuingilia kompyuta za watu. Alikuwa hotelini, kompyuta yake imechukuliwa na polisi, naye akatumia televisheni ya chumbani, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni, na simu. Desemba 2023 mahakama iliamuru akae hospitali bila kikomo cha muda. Mwezi huohuo trela ya kwanza, iliyopangwa kutolewa tarehe 5, ilivuja tarehe 4, na kampuni ya Rockstar ikaamua kuitoa yenyewe mapema. Ingefanya nini? Mtama ulikwisha kumwagwa penye kuku wengi.

(Najua yupo mlezi atakayeuliza kwa nini frateri anaandika habari za gemu ya majambazi. Ni swali zuri na nitalijibu siku nyingine. Leo naandika juu ya kusubiri.)

Kusubiri kwa mdogo wangu si kama kwa kijana wa London au hata wa Dar es Salaam. Yeye anaishi bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, analima mpunga na ufuta. Sijui nyumba hata moja kijijini kwetu yenye PlayStation 5. Kwa hiyo tarehe 19 Novemba ulimwengu utaanza kucheza, na yeye ataanza kusubiri upya, safari hii akiwa amezungukwa na watu wanaojua mwisho. Kwa wengine hatari ya kuharibiwa uhondo ni ya wiki chache kabla gemu haijatoka. Kwa mtu wa Muze hatari hiyo inaweza kudumu miaka mitatu. Sikisii, aliwahi kuipitia.

Tulipokuwa wadogo, kitu na habari zake vilipanda gari moja. Filamu ilifika Sumbawanga mjini, ikakaa, kisha siku moja ikateremka barabara ya Ntendo hadi Muze ndani ya mfuko wa plastiki wa mwenye kibanda cha video. Tulichelewa kuiona, lakini tulichelewa pia kusikia habari zake, hivyo hatukujua kama tumechelewa. Siku hizi habari haipandi gari. Inafika saa ileile inayofika Marekani, wakati kitu chenyewe bado kinasubiri mtu auze magunia.

Mwenye kibanda cha gemu pale kwetu alinunua PlayStation 3 kuukuu kutoka Mbeya, ikiwa na gemu kadhaa ndani. Vijana walitaka mpira tu. Wawili wanakaa, shilingi 500 kwa nusu saa, aliyefungwa anainuka na mwingine anachukua padi. Lakini ndani ya mashine ile ilikuwamo pia The Last of Us, gemu iliyotoka mwaka 2013, inayomhusu mwanamume aliyepewa kazi ya kumsafirisha msichana kuvuka Marekani iliyoangamizwa na ugonjwa. Hiyo huichezi nusu saa. Ni hadithi ndefu ya mtu mmoja, na kumwachia mtoto mmoja mashine kwa saa nzima ilikuwa hasara kwa mwenye mali. Mdogo wangu akaingia naye mkataba: atafagia kibanda na kujaza ndoo za maji kila alfajiri, na kabla ya wateja kuja atacheza bure, umeme ukiwepo.

Mimi nilikuwa mkalimani. Kiingereza chake kilikuwa bado cha darasani, na watu wa kwenye gemu hawaongei kama mwalimu. Nilikuwa seminari ndogo; nikiwa likizo nilikaa kando yake kwenye benchi nikitafsiri. Mara nyingine nilikosea, na tulikuja kugundua kosa saa mbili mbele, mtu tuliyemdhani rafiki anapotoa bunduki. Mdogo wangu aliimaliza nikiwa nimerudi shule, nami nikasimuliwa mwisho kwa simu ya baba, yeye akiongea kwa kunong'ona kama anaungama.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na sote tukawa nyumbani. Tulikuwa tumesikia kwamba sehemu ya pili ya gemu ile inakuja, na mwanzoni mwa Aprili tukasikia imeahirishwa. Ilikuwa ya PlayStation 4, mashine ambayo kibandani haikuwepo, lakini hilo halikumzuia kuhesabu siku. Tarehe 27 Aprili au karibu na hapo, video za gemu hiyo zikavuja, pamoja na matukio makubwa ya hadithi yake. Wiki hiyohiyo walioitengeneza, Naughty Dog, waliwaomba watu wajiepushe nazo na wasiwaharibie wenzao. Watu wakafanya kinyume. Waliandika mwisho wa hadithi mahali popote palipokuwa na nafasi ya kuandika. Gemu ikatoka tarehe 19 Juni, na ndani ya siku tatu ikauza nakala zaidi ya milioni nne. Hakuna hata moja iliyofika Muze.

Hapo ndipo mdogo wangu, kijana wa kidato cha pili, alipojitungia sheria zake. Baba alikuwa na simu janja moja, na wote tuliitumia kwa zamu. Sheria ya kwanza ilikuwa kutosoma maoni chini ya video yoyote, hata ya kwaya. Nilimcheka, mpaka siku moja nikakuta chini ya wimbo wa Pasaka, katikati ya amina na aleluya, mtu ameandika sentensi ya gemu. Ya pili: asitafute kamwe jina la gemu, hata akitaka kujua bei tu, maana simu ukiiuliza kitu mara moja haitanyamaza tena. Akitaka bei ananituma mimi. Ya tatu ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kuinuka. Wakianza kuizungumza kibandani, anaondoka, hata kama zamu yake ya mpira imefika na hela ameshalipa.

Kuna watu wenye akili wanaosema haya yote ni bure. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego waliwapa watu hadithi fupi 12, wengine wakiwa wameambiwa mwisho kabla ya kusoma, wakakuta kwamba waliodokezwa mwisho kwa jumla walizifurahia zaidi. Wengine waliofanya utafiti baadaye walipata majibu tofauti, lakini hoja yenyewe naielewa. Sisi tumekulia filamu zilizotafsiriwa na Lufufu na wenzake, sauti juu ya sauti, na mtafsiri hakuona shida kukutangulizia kwamba yule bwana mwenye koti hafiki asubuhi. Tulipiga kelele na tukaendelea kuangalia. Bibi yetu alikuwa na hadithi za sungura na fisi tulizozijua kwa moyo. Ukimruka mahali ulimrudisha. Na Ijumaa Kuu hakuna anayeingia kanisani asiyejua habari ya Jumapili.

Niliwahi kumwambia mdogo wangu maneno haya, nikijiona nimejenga hoja. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniuliza, "Bibi alikuwa anatusimulia wapi?"

"Jikoni."

"Tukiwa tunafanya nini?"

"Tumekaa tunamsikiliza."

"Basi. Mimi hawa wa kwenye simu sijakaa kuwasikiliza."

Nilitafuta jibu siku ile na bado sijalipata. Mtafsiri wa filamu tulimlipia kiingilio. Bibi alingoja tukae, hata moto alichochea kwanza. Lakini mtu anayeandika mwisho wa hadithi chini ya wimbo wa kwaya hakusimulii kitu. Hana hata muda wa kuona uso wako ukisikia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza mwaka wa malezi. Huko nilikokuwa tulikuwa na kompyuta za maktaba, na alasiri moja ya mvua, badala ya kutafuta nilichotumwa, nikatafuta gemu ile. Nikasoma hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, kwa dakika kama kumi. Sikuwa na nia ya kuicheza. Nilitaka kujua tu, kama mtu anayefungua sufuria ya jirani.

Juni nikarudi nyumbani, mavuno ya mpunga yakiwa yamepamba moto. Tulikuwa tunabeba magunia, yeye mbele mimi nyuma. Tulikuwa tunataniana kuhusu PlayStation 4 ambayo mwenye kibanda alikuwa ameahidi, ahadi ya mwaka wa pili sasa. Na mimi, kwa ile raha ya mtu anayejua, nikasema maneno mawili. Sitayaandika hapa, kwa sababu inawezekana miongoni mwenu wapo ambao hawajaicheza. Sikutaja jina la mtu. Nilidhani nimedokeza tu, nimechokoza hamu.

Alitua gunia. Hakugeuka. Akasema, "Haya." Akalibeba tena.

Hatukuongea mpaka jioni. Tulipokuwa tunaoga, kila mtu na ndoo yake, akauliza nilisoma wapi. Nikamwambia maktaba. Akauliza kama nilikuwa nataka kuicheza. Nikasema hapana. Akajimwagia maji, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ungekaa nayo mwenyewe."

Wasomaji mliosoma maadili pamoja nami mnajua jinsi tunavyochambua uongo, uzushi na kusengenya. Sikumbuki tukikaa kwenye kosa la kusema jambo la kweli, lisilomchafua mtu, kwa mtu anayelihusu, ila kabla ya wakati wake. Nilipokwenda kuungama mwezi ule nilisitasita nikalitaja. Padre alicheka kidogo, kisha akanyamaza kuliko nilivyotarajia, akaniuliza kama nimemwomba msamaha. Nilikuwa sijafanya hivyo. Nilikwenda nikamwomba.

PlayStation 4 ilifika Agosti 2023, ufuta ulipouzwa vizuri. Miezi ya mwanzo ya mwaka ule ilikuwa migumu kwake kuliko yote, kwa sababu Januari ilianza tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa kutokana na gemu ya kwanza, na dunia nzima ikaanza kuizungumza upya. Alivuka hata hapo. Nilikuwa karibu kuondoka kwenda kuendelea na falsafa, na siku niliyoaga ndiyo siku aliyoanza kucheza. Hakuniita nikamtafsirie, maana Kiingereza sasa anakiweza. Sikumuuliza kitu.

Februari 2024, usiku wa Jumamosi, bibi akafariki.

Mnajua desturi yetu. Mtu aliye mbali haambiwi barabarani. Anaambiwa, "Bibi amezidiwa, fanya utaratibu uje," naye anasafiri na tumaini lake dogo, na habari yenyewe anakuja kuipokea nyumbani, ameshikwa mkono. Wapo wanaoiona kuwa ni udanganyifu. Lakini wazee walijua kwamba habari ya namna hiyo ina mahali pake na mdomo wake. Sasa simu zimeingia. Mtoto wa mjomba amekaa Mbeya, ameweka picha ya marehemu na mshumaa, na binti wa marehemu anaiona akiwa ndani ya basi, amebanwa dirishani, hana wa kumlilia.

Mimi nilikuwa seminarini. Simu tulipewa Jumapili, saa nne asubuhi, baada ya Misa na chai. Nilichokuja kusimuliwa baadaye ni hiki. Usiku uleule, wanawake wakiwa bado wanamwandaa bibi, mdogo wangu alichukua tochi akatoka. Alipita kwa binamu zetu wote wenye simu, akawaamsha, akawaomba wasiweke chochote mpaka saa sita mchana. Mmoja alikuwa ameshaweka picha, na watu kumi na wanne walikuwa wameshaiona. Alisimama mlangoni mpaka ikafutwa. Wa mbali aliwapigia, bando likaisha, akaazima simu ya mama mdogo akaendelea. Kisha alfajiri akamkumbusha baba kwamba Gombera ana namba ya simu, na kwamba ni vizuri apigiwe kabla ya saa nne.

Saa tatu na nusu niliitwa ofisini. Gombera alinipa kiti, akanipa simu yake, akatoka nje akasimama barazani. Nikasikia sauti ya baba ikisema, "Mwanangu." Kwa jinsi alivyolisema neno hilo nilijua, lakini aliendelea taratibu, akaniambia bibi alikula nini jioni, aliuliza habari za nani, alilala upande gani. Alinisimulia. Nililia baba akiwa bado kwenye simu, naye hakukata.

Nilipochukua simu yangu baadaye ilikuwa kimya. Nilidhani mtandao wa kwetu umesumbua.

Aliyenieleza ni binamu yule wa picha, siku ya tatu ya msiba, kwa kulalamika kidogo kwamba alivamiwa usiku. Nikamtafuta mdogo wangu. Alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Nilijua Jumapili mnapewa simu saa nne," akaendelea kupasua.

Usiku tulikaa wawili kando ya moto, watu wengi wamekwisha kulala kwenye mikeka. Hapo tu ndipo nilipothubutu kuuliza kuhusu gemu. Akasema aliimaliza Oktoba. Akasema nililomdokeza lilitokea kweli, na kwamba alilingoja kwa hofu tangu mwanzo, akawa anamtazama kila mtu kama mtazamavyo mgonjwa. Hilo lilinichoma. Kisha akasema, "Lakini hukuniambia kuhusu gitaa."

Nikamwambia sijui habari ya gitaa.

"Kuna gitaa. Hulitazami tu likipigwa. Unalipiga wewe. Unapapasa padi hivi, kwa kidole, nyuzi zinalia. Nilikaa pale nusu saa nikipiga tu, mwenye kibanda akaniambia nisogeze gemu, wateja wamefika." Akanionyesha kwa kidole gumba kwenye kiganja chake, taratibu, juu kwenda chini. Katika zile dakika kumi za maktaba sikukutana na gitaa hilo. Kama liliandikwa, nililipita.

Sasa ameanza tena, na maneno yake matano yaliyokatazwa. Nimemwahidi kwamba sitasoma kitu, na ahadi hii nimeiona ngumu kuliko nilivyodhani. Juzi tu nilikuwa nimeshaandika herufi tatu kwenye kompyuta ya maktaba. Mwenye kibanda anasema PlayStation 5 labda baada ya ufuta wa mwakani. Akilisema hivyo mdogo wangu anacheka, kwa sababu la PlayStation 4 pia lilikuwa la mwakani.